Ukitaka Kuwa MCA wa Kijijini, Anza na Kalenda ya Bajeti

Nimefanya kazi katika ofisi ya wadi huku Kinango, Kaunti ya Kwale, chini ya wawakilishi wadi wawili waliofuatana, yaani wajumbe wa bunge la kaunti tunaowaita MCA. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa chekechea. Ofisini mimi ndiye niliyekuwa nikiandika daftari la wageni, barua za bunge la kaunti na orodha za miradi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia mtu aliyetembea tangu alfajiri kwamba mheshimiwa yuko kikaoni Kwale. Sasa uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027 unakaribia, na vijana ambao baadhi yao niliwafundisha kushika penseli wanakuja kuniuliza: mwalimu, nikitaka kiti hiki nianzie wapi? Jibu ni refu, haliwezi kuishia mlangoni. Ndiyo maana nimeliandika.

Kijue kiti kabla ya kuchapisha bango

Soma Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili. Ni kurasa chache tu. Humo ndimo zilimoorodheshwa kazi za kaunti: zahanati na vituo vya afya, maji, kilimo na mifugo, chekechea, vyuo vya ufundi vijijini, masoko, barabara za kaunti. Shule ya msingi na ya upili hazimo. Polisi hawamo, chifu hayumo, na ndovu hawamo.

Nawataja ndovu kwa sababu sisi wanatufikia kutoka hifadhi za Tsavo na Shimba Hills, na mtu ambaye shamba lake limeliwa usiku hatauliza ni kazi ya serikali gani. Atakuja kwako. Ukimjibu kwamba hilo si la kaunti, utakuwa umesema kweli na umemfukuza. Mwambie apige picha kabla ya kugusa shamba, aripoti upesi kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, adai fomu ya fidia na abaki na nakala. Kisha muandikie barua ya kumtambulisha. Kama mtu ameuawa, familia ijue kwamba Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5, na iandae stakabadhi zake mapema, kwa sababu madai haya huchukua muda mrefu. Kazi kubwa ya MCA wa kijijini ni kujua mlango sahihi wa kila shida na kumfikisha mtu pale.

Halafu soma kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kinakutaka uwe karibu na wapiga kura, upeleke maoni yao bungeni, uhudhurie vikao. Na kinakukataza waziwazi kujiingiza katika kazi za utekelezaji. Huchagui mwanakandarasi. Husimamii saruji. Hukai na fedha za mradi. Wagombea wengi huahidi visima na barabara kana kwamba watapewa gunia la pesa siku ya kuapishwa, na ndiyo sababu mwaka wa pili unapofika hawana la kuwaambia watu.

Karatasi za kugombea hazina ugumu mwingi, nitazipitia haraka. Ama uteuliwe na chama, ama ugombee ukiwa huru kwa kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi. Mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kama wewe ni mtumishi wa umma, sheria inakutaka ujiuzulu miezi sita kabla. Mwaka 2022 ada ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, kwa kiti hiki ilikuwa shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Shahada ya chuo kikuu haikuhitajika mwaka huo, baada ya Mahakama Kuu kulitupa sharti hilo mwaka 2021. Siku ya kura, weka wakala katika kila kituo na umfundishe Fomu 36A, ile ya matokeo ya kituo, ni ipi, aisome kabla ya kutia sahihi na aondoke na nakala yake. Ukiona umedhulumiwa, una siku 28 tu baada ya matokeo kutangazwa kwenda mahakama ya hakimu, na hizo nakala ndizo utakazobeba.

Tarehe nne za kuandika ukutani

Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni. Ndani yake Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo, kwa maoni yangu, ndizo kazi yenyewe. Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, ambao maafisa wanauita ADP, uwe umefika bungeni. Tarehe 28 Februari ni zamu ya mkakati wa fedha, unaoamua kila idara itapata kiasi gani. Makadirio ya bajeti yanafika tarehe 30 Aprili. Na kabla ya Juni 30 kwisha, bunge liwe limepitisha sheria ya matumizi.

Wanakijiji wengi husikia habari za bajeti mwezi Juni, gavana na wawakilishi wanapozozana redioni. Wakati huo mambo yameshapikwa na kuiva. Mkakati wa Februari umekwisha kusema idara ya maji itapata ngapi, na kijiji ambacho hakikuwa katika mpango wa Septemba kinaomba nafasi mezani watu wakiwa wameshakula na wananawa mikono.

Piga hesabu kwa kurudi nyuma. Ili jina la kijiji chako liwemo katika ADP, mikutano ya vijiji iwe imefanyika Juni na Julai. Sasa tazama: uchaguzi ni tarehe 10 Agosti na ADP inatakiwa tarehe 1 Septemba. MCA mpya anayesubiri kuapishwa ndipo aanze kuuliza watu wanataka nini, ameshapoteza mwaka mzima wa fedha kati ya mitano aliyopewa. Kwa hivyo orodha yako iwe tayari wakati wa kampeni. Ukienda kijijini kuomba kura, nenda na daftari. Uliza, andika, soma kwa sauti ulichoandika, na mzee mmoja na mama mmoja watie sahihi chini ya ukurasa.

Kuhusu saa ya mkutano, hili nalisema kwa mkazo. Baraza la saa tatu asubuhi ni baraza la wanaume. Saa hizo wanawake wa Kinango wako kwenye maji au wako njiani kurudi. Mheshimiwa wangu wa kwanza aliitisha mikutano yake saa tisa alasiri, chini ya mti ulio karibu na mahali pa maji, na orodha zilizotoka pale zilikuwa tofauti kabisa na zile za asubuhi. Katika kijiji kimoja wanaume walikuwa wamekubaliana kuomba zahanati mpya. Kina mama walipofika walisema zahanati ipo, ila muuguzi anaondoka saa kumi kwa sababu hana nyumba wala maji, na uchungu wa kuzaa hauchagui saa. Tukaandika nyumba ya muuguzi na tangi la maji ya mvua. Ni mradi wa fedha kidogo kuliko zahanati, na ndio uliowafaa.

Kisha jifunze kuandika mradi. Ukiandika "ukarabati wa zahanati katika wadi" umeacha mlango wazi, mtu atapaka rangi ukuta mmoja na kudai malipo. Andika jina la kijiji, kitu chenyewe, na kipimo chake: nyumba ya vyumba viwili ya muuguzi, tangi la lita 10,000, mifereji ya paa, choo cha milango miwili. Mradi ulioandikwa hivyo hata bibi asiyejua kusoma anaweza kuukagua kwa macho.

Na kumbuka jengo na mtu havitoki katika mfuko mmoja. Jengo ni fedha za maendeleo. Muuguzi, mafuta ya gari la wagonjwa na dawa ni matumizi ya kawaida. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na wawakilishi wengi huishia kuitazama asilimia hiyo peke yake. Unapoomba darasa la chekechea, uliza papo hapo mwalimu atalipwa kutoka fungu gani. Nimeyaona majengo mazuri yaliyofungwa kwa kufuli kwa sababu swali hilo halikuulizwa mwezi Februari.

Mfano wa silanga

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu silanga la mifugo, yaani bwawa la kuchimbwa la kukusanya maji ya mvua, ndilo ombi linalorudi kila mwaka katika wadi kavu, na ndilo linaloonyesha namna kalenda ya serikali na kalenda ya mvua zinavyopishana.

Silanga likijaa tope linahitaji kuzolewa likiwa kavu. Kwetu mvua kubwa ni ya masika, Aprili hadi Juni, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo nafasi ya kupeleka trekta la kuchimba ni Agosti na Septemba, au Januari hadi katikati ya Machi. Bajeti inaanza Julai. Kama idara itachelewa kutangaza zabuni hadi Oktoba, mashine itafika na mvua, itakwama, na kazi itasukumwa Januari. Ikichelewa tena, ni masika. Kisha Juni 30 imefika, fedha hazikutumika, na mradi unapaswa kuombwa upya katika bajeti mpya kana kwamba haukuwahi kuwepo. Ng'ombe hawajui mwaka wa fedha. Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022, misimu ya mvua iliposhindwa mfululizo, tope lililoachwa ndani ya silanga lilikuwa ni maji ambayo yangeweza kuwekwa.

Fanya hivi. Mwezi Mei, kabla bajeti haijapitishwa, mwombe mhandisi wa maji aje apime silanga na aandike makadirio ya kazi, ili Julai isipotee kwa kupima. Wiki ya kwanza ya Julai, andika barua kwa waziri wa maji wa kaunti, nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya maji bungeni, ukiuliza zabuni itatangazwa lini. Agosti ikiingia bila jibu, omba taarifa rasmi bungeni. Swali lililoulizwa kikaoni linaingia katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge, na ofisa aliyenyamazia barua huwa mwepesi wa kujibu akijua jibu lake litachapishwa.

Kazi ikianza, nenda na kamati ya mradi ya kijiji, mpime kina na upana, mpige picha, mlinganishe na makadirio. Ukiona kasoro, andika kwa idara. Usimpe mwanakandarasi amri, huna mamlaka hayo. Wala usipokee chochote kutoka kwake, hata mbuzi wa sikukuu, hata lifti ya kurudi Kwale. Siku utakayosimama kusema kwamba ukuta wa silanga umepasuka, lazima uwe mtu ambaye hadaiwi.

Ndani ya bunge

Mabunge mengi ya kaunti hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Siku nyingine ni za kamati, na kamati ndiko kazi inakofanyika. Omba kamati kulingana na wadi yako. Mtu wa Kinango akipata Bajeti au Kilimo na Mifugo, ashukuru na aisome kila karatasi. Jifunze tofauti za silaha zako: taarifa ni ya kuuliza, hoja ni ya kulitaka bunge liazimie jambo, mswada ni wa kutunga sheria. Ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, ni ya wananchi wenyewe, na unaweza kuwasaidia kuiandika ili bunge lilazimike kuwajibu.

Usiikimbie lugha. Miswada mingi imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na nimewaona watu wenye akili kubwa wakinyamaza kikao kizima kwa haya. Zungumza Kiswahili, ni lugha rasmi ya nchi hii. Nenda kwa makarani wa bunge siku moja kabla ya kikao, keti nao, waombe wakueleze kifungu kwa kifungu. Kazi yao ni hiyo, na wengi wanafurahi kuulizwa.

Mswada ambao MCA wa kijijini asiukose ni ule wa fedha, unaotakiwa kupitishwa kila mwaka ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupitishwa. Mwishoni mwake kuna majedwali marefu ya ada, na watu hawafiki huko kwa kuchoka. Huko ndiko kulikoandikwa ushuru wa mbuzi mmoja mnadani, wa gunia la makaa, wa mama anayetandika nyanya chini, wa kibanda cha simu. Mheshimiwa wangu wa pili alikuwa akilichukua jedwali lile na kwenda nalo mnadani siku ya mnada, akiwasomea wafugaji mstari kwa mstari, nami nikiandika majibu yao. Maoni yale yalikwenda kwa kamati yakiwa na majina na sahihi. Katiba inalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma, na maoni yaliyoandikwa vizuri ni vigumu kuyapuuza, maana hata mahakama huuliza yalikwenda wapi.

Gavana

Unatakiwa umkague, na unamhitaji. Wengine hulitatua hili kwa kuwa watu wa gavana, wengine kwa kumpiga vita tangu siku ya kwanza. Kaunti ya Makueni ilionja vita hivyo: bunge na Gavana Kivutha Kibwana walivutana hadi tume ikaundwa kuchunguza kama kaunti isimamishwe. Tume ilipendekeza isimamishwe, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Uchaguzi wa 2017 gavana alirudishwa na wapiga kura, na wengi wa wale wawakilishi hawakurudi. Mimi nimejifunza kitu kimoja kwa kuzichapa barua za pande zote: gomba kwa tarakimu na kwa ukurasa. "Ukurasa huu unasema silanga, mbona fedha zimehamishiwa barabara?" ni swali ambalo gavana mwema atalijibu na mbaya ataliogopa. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti za kila robo mwaka na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ziko wazi kwa yeyote, zichapishe sehemu ya kaunti yako na uziweke ofisini.

Mlangoni kwako

Watu watakuja kabla ya jua. Karo, matanga, dawa, kijana aliyekamatwa, mzozo wa mpaka wa shamba. Mshahara wako hautatosha, na ukijaribu kuutosheleza utaingia madeni, na mwenye madeni hununuliwa kwa bei rahisi.

Weka kiasi kimoja kwa kila nyumba iliyofiwa, tajiri kwa maskini, aliyekupigia kura na asiyekupigia, na ukitangaze barazani mwaka wa kwanza. Ukishindwa kufika mazikoni, mtume mtu mzima anayeheshimika, asiende kijana na bahasha tu. Basari ya kaunti, yaani msaada wa karo, iachie kamati iliyowekwa kuipitia, na ukishatoka uamuzi bandika orodha ya majina na viwango kwenye ofisi ya chifu na mlango wa ofisi ya wadi. Watalalamika, lakini watalalamika juu ya jambo wanaloliona. Mtoto wa ndugu yako akistahili, mwenye kusema hivyo awe mwenyekiti wa kamati, wewe ukiwa nje ya chumba.

Kila ombi liandikwe kwenye daftari: jina, kijiji, shida, amepelekwa wapi, tarehe ya kurudi. Tarehe ya kurudi ndiyo inayowafanya watu wakuamini. Mama akirudi siku aliyoambiwa na kukuta jina lake limeandikwa na barua yake imetumwa, hata kama majibu hayajaja, ataondoka akijua hakupotezewa muda.

Nyumbani kwako pia kuna watu. Pangeni na mume au mke kabla hujachukua fomu: simu itazimwa saa ngapi, wageni watapokewa wapi, nani atashika shamba na mifugo. Mwanamke anayegombea atasemwa kwa kulala Kwale siku za kikao, maneno ambayo mwanamume hayasikii kamwe, na inanikera sana. Familia ikiwa imekaa pamoja na kukubaliana, maneno hayo hukosa pa kushika.

Kwa wiki hii

Nenda ofisi ya msimamizi wa wadi, uombe kuona mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, 2023 hadi 2027, na ADP ya mwaka huu. Ni haki yako, huhitaji kuwa mheshimiwa. Tafuta jina la kijiji chako. Kila mradi ulioandikwa, kautazame kwa miguu yako na uandike umefikia wapi. Mpango huo ukimalizika utatungwa mwingine wa miaka mitano, na yeyote atakayechaguliwa 2027 atakuta unaandikwa. Orodha yako itengeneze nakala tatu: moja ya msimamizi wa wadi, moja ya wazee wa kijiji, na moja uende nayo kwenye baraza la kwanza utakaloitisha, saa tisa alasiri.